Shauri kwa Mwanachama Anayetaka Kununua Televisheni

Kila msimu unapokwisha, karafuu zikishapimwa na fedha zikishaingia mkononi, ofisi yetu hupata wageni wa namna moja. Mwanachama huja, akaamkia, akaketi, akauliza khabari za mbolea na miche, kisha wakati wa kuondoka, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, husema: "Nataka kuwanunulia watoto televisheni. Mjini nimeambiwa ziko za LED, za QLED na za OLED. Ipi ndiyo nzuri?"

Swali hili si dogo hata kidogo. Televisheni kubwa humeza sehemu nzima ya mavuno, na mtu akishaichukua na kuipandisha gari mpaka shamba, hana tena njia ya kuirudisha kwa sababu tu picha haimpendezi. Kwa hivyo tumeona vyema tueleze jambo hili kwa urefu, ili mwanachama akienda dukani ajue anachokinunua.

Kwanza yafaa tuungame kosa letu wenyewe. Miaka kadha iliyopita Kamati iliamua kununua televisheni ya inchi 55 kwa ajili ya ukumbi wa mikutano. Mwenye duka alituambia ya kuwa hii ni LED, wala si LCD, maana LCD ni mambo ya zamani. Tukaridhika, tukalipa. Ilipofungwa ukumbini tukaona mambo matatu. Mchana, milango ikiwa wazi pande zote mbili, kioo kiligeuka kuwa kioo cha kujitazamia: tuliona vichwa vyetu na uwanja wa nje kuliko mpira. Waliokaa mbele katikati waliona picha nzuri, lakini waliokaa kwenye mabenchi ya pembeni waliona rangi zimepauka kama kanga iliyofuliwa mara mia. Na baada ya mwaka mmoja na nusu picha ikazimika ghafla, sauti ikabaki. Tutarudi kwenye khabari ya sauti hiyo, maana ndani yake mna mafunzo.

Basi tuanze na hayo majina. Jambo la kulijua kabla ya yote ni hili: televisheni zote zinazouzwa leo zinagawika mafungu mawili tu, na kinachozigawa ni mahali inapotoka taa. Katika fungu moja taa iko nyuma ya kioo, na kioo kazi yake ni kuizuia au kuipitisha. Katika fungu la pili kioo chenyewe ndicho taa.

Wazee wetu walianza na fungu hili la pili. Zanzibar ilipoanza matangazo ya televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, zaidi ya miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kupata yake, picha ilitoka katika mrija mkubwa wa kioo ambao kwa ndani uso wake ulipakwa unga unaong'aa ukipigwa na miali ya umeme kutoka nyuma. Ndiyo sababu zile televisheni zilikuwa na mgongo mrefu na uzito wa kuhitaji vijana wawili. Baadaye zikaja za plazma, nyembamba, ambazo kila nukta yake ni chumba kidogo chenye gesi inayowaka. Picha yake ilikuwa nzuri mno, lakini zilikuwa nzito, zenye joto na zenye kula umeme. Kampuni ya Panasonic iliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013, na wengine wakubwa wakafuata katika 2014. Mtu akikuletea plazma leo anakuletea iliyokwisha tumika, na vipuri vyake ni vya kuokoteza. Iwache.

Sasa tuje kwenye LCD, ambayo ndiyo iliyojaa madukani kwa majina mbalimbali. Asili yake yapaswa kutupendeza sisi wakulima, maana ilianza kwa bwana wa mimea. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer, akifanya kazi Prague, alikuwa akichunguza kitu kilichotokana na karoti. Alipokipasha moto aliona ajabu: kitu hicho kiliyeyuka mara mbili. Kwenye joto la digrii 145 kilikuwa majimaji yenye ukungu, na kilipofika digrii 178 ndipo kikawa maji safi. Katika hali ile ya katikati kilitiririka kama maji, lakini chembe zake zilikuwa zimejipanga kwa safu kama zilivyo katika kitu kigumu. Hiyo ndiyo fuwele ya majimaji, na ilikaa karibu miaka 80 kabla ya watu kuona kazi ya kuifanyisha.

Kazi yake katika televisheni ni kama ya dirisha la vibao. Fikiri chumba chenye karabai inayowaka usiku, na wewe uko nje unatazama dirisha. Vibao vikilazwa, mwanga unatoka. Vikisimamishwa, mwanga unazuiwa. Ndani ya kioo cha LCD mna madirisha ya namna hiyo kwa mamilioni, na umeme mdogo huzigeuza chembe za ile fuwele ili kupitisha mwanga mwingi, kidogo, au kuuzuia. Mbele ya kila dirisha pana rangi nyekundu, kijani au buluu. Karabai ya nyuma haizimwi. Inawaka wakati wote televisheni ikiwa wazi.

Na hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Kila mwenye dirisha la vibao anajua kwamba hata ukilifunga barabara, mwanga huchungulia. Kwa hivyo weusi wa LCD si weusi khasa, ni kijivujivu, na ukizima taa ya sebule ukatazama filamu ya mambo ya usiku utauona mara moja.

Zamani karabai hiyo ya nyuma ilikuwa mirija membamba inayofanana na taa za mirefu za dukani. Kisha zikaingia taa ndogo za LED, ambazo hula umeme kidogo na hazihitaji nafasi kubwa. (Wajapani waliofanikiwa kutengeneza LED ya rangi ya buluu, ambayo bila yake mwanga mweupe wa namna hii usingepatikana, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014.) Wauzaji wakaanza kuziita televisheni hizo LED. Lakini kioo ni kile kile cha LCD. Kilichobadilika ni taa tu. Yule bwana aliyetuambia kwamba hii ni LED wala si LCD, alikuwa kama mtu anayekuuzia chumba kwa kukuambia kwamba hiki hakina kandili, kina karabai. Chumba ni kile kile.

QLED nayo ni LCD. Mbele ya taa zake umewekwa utando wenye chembe ndogo sana za madini, ndogo hata ukubwa wa chembe peke yake ndio unaoamua itoe rangi gani. Waliogundua na kuzitengeneza chembe hizo walitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2023, kwa hivyo si hadithi za wauzaji. Rangi huwa nyingi na safi zaidi. Lakini dirisha la vibao liko pale pale, na mwanga unachungulia kama kawaida. Herufi ile ya kwanza ikikatwa mkia inakuwa O, na mnunuzi asiye na miwani anaweza kulipa akidhani amepata kitu kingine. Hatusemi kwamba jina lilichaguliwa kwa kusudi hilo. Tunasema soma herufi kwa makini.

Ziko pia zenye taa ndogondogo nyingi nyuma ya kioo, zilizogawiwa kwa mafungu, na kila fungu laweza kupunguzwa au kuzimwa mahali penye giza. Huitwa Mini LED. Hizi hupunguza sana ule ukijivu, ijapokuwa utaona kitu cheupe kwenye giza kimezungukwa na ukungu mdogo, kama mwezi siku ya mawingu. Nyingi ni ghali, ila bei zake zimekuwa zikishuka.

OLED ni fungu jingine kabisa. Hapa hapana karabai nyuma wala dirisha. Kila nukta ni taa yake mwenyewe, iliyotengenezwa kwa tabaka nyembamba za kemikali zenye kaboni zinazong'aa zikipitiwa na umeme. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walieleza taa ya namna hii mwaka 1987. Televisheni ya kwanza ya OLED kuuzwa, ya Sony, ilitoka mwaka 2007 ikiwa na inchi 11 tu, na zile kubwa za inchi 55 zikaingia sokoni mwaka 2013. Nukta inayotakiwa kuwa nyeusi huzimwa, basi. Weusi wake ni weusi wa usiku usio na mwezi, na ukikaa pembeni rangi hazipauki. Aliyewahi kuitazama usiku katika chumba cha giza hatakubali kuambiwa kwamba LCD ni sawa nayo, na sisi hatutamwambia hivyo.

Kwa nini, basi, hatuwashauri wanachama wote waifuate? Tunazo sababu mbili, na zote zimo katika nyumba zetu wenyewe.

Sababu ya kwanza ni mwanga wa mchana. Sebule zetu zina milango na madirisha wazi, na lazima ziwe hivyo, maana bila ya upepo mtu hakai. LCD iliyo nzuri hushindana na mwanga wa nje kwa kuongeza taa yake ya nyuma. OLED, picha inapokuwa nyeupe au ya kung'aa kioo kizima, mathalan uwanja wa mpira wenye jua, aghlabu haiwezi kung'aa kama LCD ya bei ile ile. Uzuri wake mkubwa, ule weusi, hupotea chumba kikiwa na mwanga, na huo ndio uliokufanya ulipe zaidi.

Sababu ya pili ni uchakavu, nayo wauzaji huipita upesi. Kemikali zile huchakaa kwa kutumika. Nukta iliyowaka sana huzeeka kabla ya jirani yake. Nembo ya kituo cha televisheni ikikaa pembeni mwa kioo kutwa kucha, mwezi hadi mwezi, huweza kuacha alama isiyofutika. Hali kadhalika ule mstari wa khabari unaopita chini, na sanduku la matokeo ya mpira. Watengenezaji wanalijua hilo, na wameitia televisheni kazi ya kujisawazisha: ukishaizima kwa rimoti, huendelea kimyakimya kupima nukta zake na kuzirekebisha. Lakini kazi hiyo yahitaji umeme uwepo ukutani. Na sisi tumezoea nini? Tukimaliza kutazama tunazima kwenye soketi, au tunachomoa kabisa, kwa kuogopa umeme kurudi kwa kishindo. Tena ni khofu yenye haki. Wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, walipokaa karibu mwezi mzima gizani, wala ile miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Na Pemba kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliofika mwaka 2010, iliishi kwa majenereta. Desturi ya kuchomoa tumeipata kwa taabu. Lakini desturi hiyo hiyo humnyima OLED matibabu yake ya kila usiku.

Kwa hivyo OLED twaiona yamfaa mtu mwenye chumba anachoweza kukitia giza, anayetazama filamu na vipindi mchanganyiko usiku, mwenye umeme wa kutegemeka, na asiyeacha kituo kimoja cha khabari wazi tangu asubuhi. Yumo mwanachama wa namna hiyo miongoni mwetu, na furaha yake itakuwa kubwa. Wengi wetu hatumo.

Kwa nyumba iliyo wazi, yenye watoto, wageni na mpira, shauri letu ni LCD yenye taa za LED. Ikiwa fedha zinaruhusu, ile yenye chembe za rangi au taa za mafungu. Lakini hata hapo pana kuchagua, na hapa ndipo Kamati yetu ilipoteleza. Vioo vya LCD viko vya namna mbili kubwa, huitwa VA na IPS, na aghlabu sanduku halisemi ni kipi. VA hufunga madirisha yake vizuri zaidi: nyeupe yake huweza kuwa mara 3,000 au zaidi ya nyeusi yake, ambapo IPS huwa karibu mara 1,000 tu. Lakini VA, ukitoka katikati, rangi hupauka. Mwenye chumba chembamba, watu wakikaa mbele ya kioo, achukue VA. Mwenye ukumbi au baraza ambayo watu hukaa pande zote, achukue IPS, avumilie ukijivu. Sisi tulinunua VA tukaifunga mahali pa IPS.

Kujua hakuhitaji kitabu. Kama vile hununui karafuu bila ya kuivunja kwa vidole kusikia ukavu wake, usinunue televisheni bila ya kuitembelea. Simama katikati, kisha tembea pole pole mpaka ubavuni, macho yako kwenye uso wa mtu aliyemo katika picha. Uso ukipauka upesi, ni VA. Kisha mwambie mwenye duka aitoe ile picha ya maua na samaki iliyotengenezwa kwa maonyesho, aunganishe king'amuzi, uone khabari na mpira kama utakavyoviona nyumbani. Mwambie pia aitoe katika hali ya dukani, ambayo hukoleza kila kitu, aitie hali ya kawaida. Muuzaji anayekataa mambo hayo amekwisha kukujibu.

Ukubwa nao una hesabu yake. Nyumba zetu za kizamani zilijengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mita tatu au chini yake. Mtu aliyekaa ukutani kuelekea ukuta wa pili yuko kama mita mbili na nusu kutoka kioo. Inchi 43, ambayo upana wake ni kama sentimita 95, humtosha vizuri. Inchi 55, yenye upana wa sentimita 122 hivi, bado haimzidi. Inchi 32 ni ya chumba cha kulala. Na msiogope inchi hizi kwa kuzilinganisha kwa macho: kioo cha 43 kina eneo karibu mara mbili ya kile cha 32, ijapokuwa nambari hazionyeshi hivyo.

Ama ile khabari ya 4K, maana yake ni nukta milioni nane badala ya milioni mbili. Jicho zima la mwanadamu, likiwa mita mbili na nusu kutoka kioo cha inchi 43, haliwezi kuzitenganisha hata zile nukta milioni mbili. Siku hizi televisheni kubwa nyingi huja na 4K ukitaka usitake, basi ichukue. Lakini kwenye kioo kidogo usilipe zaidi kwa ajili yake. Fedha hiyo itie kwenye taa bora. Nambari kubwa kubwa za mwendo wa picha zilizoandikwa juu ya sanduku zisikushughulishe kabisa.

Tazama nyuma ya televisheni palipobandikwa karatasi ya umeme. Ikiandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240, itastahimili umeme unaposhuka jioni kuliko iliyoandikwa 220 hadi 240. Hata hivyo nunua na kifaa cha kulinda umeme, kile kinachongoja dakika chache kabla ya kuurudisha. Ya inchi 32 aghlabu hula wati 30 hadi 50, na wenye mitambo ya jua wanaimudu. Ya inchi 55 mara nyingi hukaribia wati 100 au kuzipita. Usiifunge mkabala na dirisha la upande wa bahari, maana chumvi hula shaba za ndani. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Mafuta ya taa na spiriti hapana.

Sasa turudi ukumbini kwetu, kwenye sauti bila ya picha. Fundi wa kwanza alisema kioo kimekufa, tuitupe. Mwanachama mmoja hakuridhika, akamwita fundi mwingine, kijana. Kijana yule alifunga madirisha, akaiwasha televisheni, akaweka tochi karibu sana na kioo kwa mshazari. Tukainama. Mtangazaji wa khabari alikuwamo mle ndani, mdogo na hafifu, anasoma kama kawaida! Kioo kilikuwa kizima. Kilichokufa ni karabai. Taa za LED za nyuma zimefungwa kwa mstari mmoja, na moja ikiungua zote huzimika. Alibadilisha mistari yote ya taa, akatuonyesha katika mipangilio kuwa taa ya nyuma tuliiacha juu kabisa tangu siku ya kwanza, akaishusha kidogo, na kwa kufanya hivyo taa hupata joto dogo na huishi zaidi.

Basi mwanachama ambaye televisheni yake imebaki sauti tu, kabla ya kuiuza kwa bei ya chuma chakavu, na achukue tochi. Ile ya ukumbini tumeihamishia chumba cha nyuma, ambacho ni chembamba na watu hukaa mbele yake, na huko inatazamika vizuri. Ya ukumbi tunatafuta nyingine, na safari hii Kamati nzima itakwenda dukani na kutembea kutoka katikati mpaka ubavuni.